Lori Ndani ya Kompyuta ya Kikundi

Soni, Lushoto
3 Februari 2003

Mjomba Sefania,

Shikamoo. Sisi huku tunaamka na ukungu, lakini tunaamka. Mama hajambo, vidole vimeacha kumvimba. Bibi mzaa baba hajambo na anasema nikuandikie kwamba yale meno yake manne bado yapo. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja hana sikio. Baba yupo.

Mama hakunituma salamu. Amesema nikuandikie tu kwamba hakunikataza kukuandikia.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja, matokeo bado. Nina shida, na katika ukoo wetu ni wewe peke yako unayejua kompyuta.

Kikundi cha wakulima wa mboga kimepata kompyuta ya kukunja, ile wanayoiita laptopu. Aliiacha mtaalamu Mjerumani aliyerudi kwao, pamoja na mashine ya kuchapishia. Mzee Danieli, mwenyekiti, alikuja nyumbani kwa sababu alisikia nilifundishwa kupiga chapa pale usharikani. Nilijificha nyuma ya mlango. Akasema na mlango: “Mlango, unajua kompyuta?” Bibi akajibu kwamba mlango unajua.

Mkutano mkuu ni Jumamosi tarehe 28 Juni. Kila mwaka muhtasari huandikwa nyumbani kwa katibu, na kila mwaka watu hulalamika kwamba wameandikiwa wasiyoyasema. Mwaka huu wanataka uandikwe palepale, uchapishwe na usomwe kabla mtu hajaondoka. Nikiweza, na mashine isizime katikati, nitakuwa karani wa kikundi. Nikishindwa watamchukua kijana mwenye cheti kutoka Lushoto mjini, na mimi nitakwenda Bulwa kwa shangazi Loveness kuchuma chai. Baba ameshamwandikia. Shangazi amejibu kwamba kikapu changu kipo. Si kwamba naidharau chai, mjomba. Ila hii kazi naitaka.

Mashine inakaa kwetu kwa sababu ofisi ya kikundi bado haina umeme. Ni ya ofisini, nyeusi, nzito. Nimenakili kila kilichoandikwa chini yake na ndani yake: spidi 300, kumbukumbu 32, diski 4. Windows ni ya Kijerumani, maneno yake ninayakisia tu. Nikifungua barua moja inafikiri mpaka chai inapoa. Herufi Y na Z zimebadilishana mahali, kwa hiyo nikiandika jina langu bila kuangalia naitwa Zunis.

Naomba unieleze namna ya kuiongezea nguvu. Na pia, kama inawezekana, iweze kucheza michezo. Kuna mmoja wa magari aliouacha mtoto wa yule Mjerumani, lakini unakwenda kwa kushtukashtuka. Hilo si la kikundi.

Nakusubiri.
Mpwa wako,
Yunis


Dar es Salaam
24 Februari 2003

Mpwa wangu Yunis,

Marahaba. Barua yako ililala posta wiki mbili kwa sababu huwa sitegemei barua kutoka huko. Mimi ni mzima. Joto linatuchemsha. Ninayo meza moja na feni moja, na feni ni ya kompyuta za wateja. Mwambie bibi meno manne yanatosha kwa makande. Mama yako mwambie nimesikia asichosema. Shemeji Rubeni mfikishie shikamoo yangu, aipokee asiipokee.

Sasa kazi. Mashine hiyo ilitengenezwa kwa watu wa ofisi, waandike barua na orodha zao, basi. Si mbovu. Ina njaa tu.

Kabla hujagusa kitu, nakili kila kilicho cha kikundi kwenye diskete mbili. Moja mpe Mzee Danieli, moja ibaki kwako. Fundi asiyenakili kwanza si fundi.

Kesho nampa kondakta wa basi la Lushoto kifurushi. Ndani kuna kipande cha kumbukumbu cha 128. Kimo kwenye mfuko wa kijivu unaong'aa, usiufungue mpaka saa ya kazi. Zima mashine, toa chaja, toa betri. Igeuze. Utaona kifuniko chenye skrubu mbili. Kabla ya kugusa ndani shika bomba la maji la chuma, umeme wa mwilini uondoke. Kipande kinaingia kwa mshazari, halafu unakilaza mpaka vibano viwili vilie ta, vyote viwili. Kikilia kimoja, hujamaliza.

Kuna pia CD ya Windows ya Kiingereza na ya dreva zake. Nimekuandikia hatua zote kwenye karatasi ya pili. Zifuate moja moja, usiruke hata ile inayoonekana ya kijinga. Ukimaliza, futa programu zinazojiwasha zenyewe kila unapowasha mashine. Mjerumani wako ameweka kumi na moja, nina hakika.

Michezo ya magari ya nini? Mzee Danieli akiikuta kwenye mashine ya wakulima hatakuuliza mara mbili. Niambie ni nani anayecheza.

Mjomba wako,
Sefania


Soni
17 Machi 2003

Mjomba,

Shikamoo. Kifurushi kilifika kikiwa kimekaliwa na mtu lakini hakikuvunjika. Mama anaendelea na soko, karoti ni nyingi, wanunuzi sasa wanakuja na malori yao mpaka shambani. Bibi amekasirika kuhusu makande, anasema uje ule naye uone nani atamaliza kwanza. Baba nilimfikishia shikamoo yako. Alikuwa anaangalia dirisha.

Matokeo yametoka. Nimepata daraja la nne. Jina langu halimo katika waliochaguliwa kuendelea. Kwa hiyo sasa ni karani au ni Bulwa, hakuna njia ya tatu.

Kumbukumbu nimeiweka mwenyewe. Nilitumia bisibisi ya cherehani ya mama. Skrubu moja iliruka ikaingia kwenye ungo wa unga, bibi akauchekecha wote huku akiuliza kama chuma hicho kikiliwa kinadhuru. Kibano cha kwanza kililia ta. Cha pili kilikataa. Nilisukuma mpaka nikahisi nitavunja kitu cha watu sitini, nikaacha, nikashika tena bomba, nikasukuma tena. Kikalia. Nilipowasha ikaandika 160. Mama anasema nilipiga kelele. Sikumbuki.

Windows ya Kiingereza imekubali baada ya siku mbili. Programu za kujiwasha zilikuwa kumi na tatu. Y na Z nimezibandikia plasta yenye herufi sahihi. Sasa barua inafunguka kabla sijakaa vizuri.

Na magari hayashtuki tena. Mchezaji anashukuru. Anauliza kama upo mchezo wa lori. Anasema magari madogo hayana uzito, yanaruka kama panzi, na mtu hawezi kusikia gia.

Yunis


Dar es Salaam
28 Aprili 2003

Yunis,

Marahaba. Sisi wazima. Nimeianza barua hii mara tatu, ndiyo sababu ya kuchelewa, usiseme ni posta.

Pole kwa matokeo. Mimi sikufika hata huko.

Lori. Nimekaa na neno hilo mezani tangu barua yako ilipofika. Sitauliza tena nani anacheza.

Mchezo nimeupata, CD iko ndani ya shati, shati ni la bibi alivae au alifanye tambara. Mashine yako haina nguvu ya picha, kwa hiyo ukishauingiza nenda kwenye mipangilio. Punguza ukubwa wa picha mpaka 640, rangi weka za chini, vivuli zima, na umbali wa kuona mbele weka mfupi. Milima ya mbali itapotea kwenye weupe. Kwa mtu wa Soni hilo si jambo geni.

Mashine ikicheza inapata joto kuliko ikiandika. Inyanyue nyuma kwa viberiti viwili ili chini ipite hewa. Isiwekwe kwenye blanketi wala kitandani. Baada ya saa moja ipumzike.

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani siku ile ya ajali ya 1999, unalijua hilo, ulikuwa na miaka kumi na tatu. Tangu nilipoondoka Soni sijashika usukani wa gari lolote. Lakini mtu mwingine akitaka kushika wa kwenye kioo, siwezi kumzuia.

Usiniandikie anavyoendesha.

Sefania


Soni
19 Mei 2003

Mjomba,

Shikamoo. Mvua hazijakatika tangu Pasaka. Ukungu unaingia mpaka chumbani, nguo zinalala na maji na kuamka na maji. Mwanambuzi asiye na sikio amekufa. Mama ana kikohozi. Bibi amevaa shati lako kanisani.

Mashine imeanza kuzima.

Haisemi kitu. Inaunguruma kwa nguvu, halafu giza. Nikiiwasha palepale inakataa, nikisubiri robo saa inawaka kama si yeye. Kwanza ilizima kwenye mchezo tu. Sasa inazima hata nikiandika barua. Nimeweka viberiti. Nimeondoa rangi zote mpaka lori limekuwa kama limechorwa na mtoto. Nimefuta na kupanga upya diski kama ulivyoandika kwenye karatasi ya pili. Inadumu dakika ishirini, siku nyingine kumi na mbili.

Ijumaa Mzee Danieli alikuja kuiona. Nilikuwa nimefika herufi K katika orodha ya wanachama. Ikazima mbele yake. Akaangalia kioo cheusi, akajiona humo, akasema, “Huyu mzee simjui kwenye orodha.” Hakucheka, nami sikucheka. Alipokuwa anavaa kofia aliniambia kwamba yule kijana mwenye cheti ameandikiwa barua, aje tarehe 28 akae karibu, iwapo itatokea lolote.

Shangazi naye ameandika kutoka Bulwa. Anauliza nitafika kabla au baada ya Saba Saba.

Mchezaji alipozimikiwa juzi akiwa anateremka mlima alipiga meza kwa gongo lake. Hajagusa tena mashine tangu siku hiyo.

Mjomba, naomba uje. Jumamosi moja tu. Mwishoni mwa wiki moja unaweza kufika na kurudi. Najua utasema nipige simu, lakini pale simu ya kulipia Soni watu hukaa kwenye benchi wakisikiliza, na mimi mbele ya watu sauti hainitoki. Unajua.

Yunis


Dar es Salaam
29 Mei 2003

Yunis,

Marahaba. Mama yako apate asali na limau kwa hicho kikohozi. Mimi nipo.

Siwezi kuja.

Sasa nijibu kama mgonjwa anavyomjibu daktari. Mashine inayozima na kuwaka baada ya kupoa ni mashine inayojiokoa na moto. Joto halitoki. Nimekupa kumbukumbu, nimekupa mipangilio, umeme wenu si mkali kuliko wa huku. Kuna kitu huniambii. Inakaa wapi isipotumika? Inuse. Inanuka nini? Ubavuni kushoto kuna mahali pa kutolea hewa kama vimeno vya kitana. Weka karatasi nyeupe chini, pulizia kwa pampu ya baiskeli, uniambie kilichodondoka kina rangi gani.

Vumbi la barabara ni jekundu. La nguo ni la kijivu. Usinidanganye, nitajua.

Zimebaki wiki nne.

Sefania


Soni
7 Juni 2003

Mjomba Sefania,

Shikamoo. Leo salamu nitaziweka mwishoni, nisamehe.

Kilichodondoka ni cheusi. Cheusi na kinanata. Mashine inanuka moshi.

Sikukwambia kwa sababu ni bibi, na sikutaka umcheke wala baba amfokee. Mwishoni mwa Aprili mashine ilikataa kuwaka kabisa kwa sababu ya unyevu. Nilipoifunua asubuhi kioo kilikuwa na maji kama dirisha. Nililia. Bibi akaniambia, “Kila kitu kinachotakiwa kiishi mpaka mvua iishe tunakiweka wapi?” Akaifunga kwa kanga, akapanda kigoda, akaiweka jikoni juu ya mafiga, kwenye lile dari la fito linapokaa mahindi ya mbegu. Kesho yake iliwaka. Mjomba, iliwaka vizuri kabisa. Tukashukuru. Basi kila nilipomaliza kazi bibi aliichukua akaipandisha, na mimi nilimwacha, maana ilikuwa inawaka. Wiki sita imekaa na mahindi juu ya kuni mbichi. Ni kosa langu, bibi mbegu zake hazijaharibika hata moja.

La pili pia nitakwambia. Nimechoka kusema mchezaji. Ni baba.

Umekataa nikuandikie anavyoendesha. Nitaandika, ukitaka usisome. Miaka minne tangu ajali hajatoka nje ya ua. Magongo anayo na anaweza kutembea, lakini anakaa dirishani. Watu wakija anageukia ukuta. Siku ile nilipofungua magari ya yule mtoto wa Mjerumani nijaribu vitufe, alisema nyuma yangu, “Umeingiza gia kubwa mno.” Ndiyo mara ya kwanza alianza yeye kusema na mimi tangu Krismasi. Nikampisha kiti. Ndiyo maana niliomba.

Lori lilipokuja alikuwa analiendesha mchana watu wakiwa shambani. Barabara zake zina theluji lakini yeye anaziita kwa majina ya huku, hapa ni kwa yule fundi viatu, hapa ndipo maji yanapovuka. Siku moja kabla haijaanza kuzima alikuwa anateremka na mzigo. Akasema, macho kwenye kioo, “Breki zinachelewa. Zilichelewa hivihivi.” Mimi nilikuwa nashona kifungo. Akasema, “Nilijua tangu asubuhi. Sefania alisema tusubiri fundi. Nikamwambia kabichi hazisubiri fundi, wewe teremsha.”

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atanyamaza. Akaendelea kuteremka na mzigo wake.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilisikia waliyokuwa wanasema sokoni, kwamba ulikuwa umelewa. Baba naye alisikia. Nami nilikuwa nayaamini, mjomba. Sikuwahi kukwambia hilo.

Hakuniambia nikuandikie haya. Hakuniambia nisikuandikie. Kama sasa unaweza kuja, njoo. Wiki tatu.

Mama anakohoa kidogo tu. Asali tulipata.

Yunis


Dar es Salaam
16 Juni 2003

Yunis,

Marahaba.

Umeandika jambo lisilo lako kuandika. Nimelisoma, nimefunga duka, nimefungua tena.

Kama alisema, alisema na kompyuta. Hakusema na mimi. Hakusema na wale walionizomea pale sokoni nikiwa bado na bandeji kichwani. Sitakuja kwa maneno yaliyosemwa kwa lori la kwenye kioo. Usiniombe tena.

Kazi utaifanya wewe, maana mikono unayo. Kwenye kifurushi kuna brashi, pamba, na bomba dogo la dawa nyeupe ya kupitisha joto. Spiriti omba zahanati. Tafuta trei ya mayai. Kila skrubu utakayotoa iwe na shimo lake, na shimo lipewe namba kwa mpangilio wa kutoa. Kurudisha ni kuanzia namba ya mwisho kwenda ya kwanza. Kibodi inatoka kwa kuinuliwa upande wa juu, polepole, ina utepe chini yake kama wa kaseti, usiuvute. Chini ya kibodi utaona feni na kipande cha shaba. Feni isafishe kwa pamba yenye spiriti mpaka uone rangi yake ya asili. Usipulize kwa mdomo. Chini ya shaba kuna dawa iliyokauka, ifute, weka mpya kiasi cha punje moja ya mchele. Si siagi, usipake kama mkate.

Halafu futa mchezo. Wote, na ule wa magari madogo pia. Siku ya mkutano mashine isibebe kitu chochote ambacho si cha kikundi.

Iwashe saa nne mfululizo ukiandika. Ikidumu, itadumu.

Bibi mwambie sijamcheka. Mama yangu angeiweka palepale.

Sefania


Soni
1 Julai 2003

Mjomba Sefania,

Shikamoo. Mvua zimekatika, sasa ni baridi tupu. Mama amepona. Bibi amerudisha kigoda jikoni na anasema hashiki tena chuma cha watu. Mimi mzima.

Kifurushi kilifika Ijumaa ya tarehe 20. Jumamosi asubuhi niliweka meza uani penye jua, nikaanza. Skrubu kumi na tisa. Baba alikuwa dirishani. Nilipofika kwenye kibodi niliogopa ule utepe, nikaikalia mikono. Nikasikia magongo. Akaja akakaa mbele yangu, akaangalia ndani. Feni ilikuwa kama sufuria iliyoungua.

Akasema, “Lete petroli.”

Nikasema spiriti.

“Injini zote nimesafisha kwa petroli. Unanifundisha mimi injini?”

“Hii hapana, baba.”

Mjomba, sijawahi kumwambia baba hapana. Mama alisimama mlangoni na ndoo kichwani, hakuitua. Baba aliniangalia mpaka nikadhani atanyanyua gongo. Halafu akasema, “Basi sema wewe, mimi nishike.” Tukafanya hivyo. Alishika feni kwa vidole viwili kama yai, nikaifuta, ikatokea kuwa ya bluu. Punje ya mchele aliiweka yeye, mkono wake hautetemeki.

Iliwaka. Nikamwambia kuhusu mchezo. Akasema, “Ufute.” Nilipobonyeza alikuwa ameshageuza kiti. Niliandika saa nne, nikiandika chochote, Zaburi, majina ya milima, na haikuzima.

Jumamosi tarehe 28 nilipotaka kubeba mashine kwenda ofisini, ambako umeme uliingia wiki ile ile, baba hakuwapo. Alikuwa ametangulia. Nilimkuta kwenye benchi la nyuma na koti lake la zamani, watu wamemwachia nafasi pande zote mbili.

Kijana mwenye cheti alikaa mbele kabisa na kalamu tatu mfukoni. Nilipofungua mashine yule Ndugu Hamisi wa karoti akanusa akasema, “Jamani, nani kaleta samaki wa moshi?” Watu wakacheka. Zamani ningekimbia. Lakini nilikuwa nimezitoa na kuzirudisha skrubu zile kumi na tisa zote, nikaona hata wakicheka mashine ni ile ile. Mzee Danieli akaniuliza mbele ya wote kwa nini ilikuwa inazima mwezi wa tano. Nikasema ilikaa jikoni juu ya mafiga, na ilichezewa michezo nyumbani kwetu, na yote niliyaruhusu mimi. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka. Akasema, “Tumesikia. Andika na hilo.” Nikaliandika.

Agenda zikaenda, mbegu, umeme wa ofisi, wanunuzi wa malori. Haikuzima. Tukafika Mengineyo, saa saba kasoro, watu wanatafuta kofia zao. Baba akanyoosha mkono. Mzee Danieli hakumwona, au alijifanya. Baba akasimama kwa magongo yake bila kuitwa.

Alizungumza polepole, anaacha nafasi kila baada ya maneno machache. Nilidhani anatafuta pumzi. Baadaye nikajua alikuwa ananisubiri niandike. Nilipofika kwenye jina lako vidole vilisimama. Mzee Danieli akasema, “Karani, tulikubaliana kila kinachosemwa kiandikwe.” Ndiyo mara ya kwanza aliniita karani. Kilichokuwa kinasikika humo ndani ni feni tu.

Kisha nikachapisha, na kama utaratibu unavyosema nikasimama nikausoma wote mbele ya watu hamsini na nane, mpaka mstari wa mwisho. Nakala moja nimeiweka kwenye bahasha hii, na sehemu yenyewe nainakili hapa, isije karatasi ikapotea:

“6.3 Ndugu Rubeni Shemhilu aliwaeleza wanachama kuwa siku ya ajali ya lori lake, Aprili 1999, alijua tangu asubuhi kwamba breki hazishiki. Ndugu Sefania, aliyekuwa dereva, alisema wasubiri fundi. Ndugu Rubeni alikataa kwa kuwa kabichi za wanachama zilikwisha kupakiwa, akamwamuru ateremshe. Alisema habari kwamba Ndugu Sefania alikuwa amelewa ni uongo, kwamba aliisikia ikisemwa na akanyamaza. Ndugu Hamisi aliuliza kwa nini hakusema miaka yote hii. Ndugu Rubeni hakujibu. Hakukuwa na swali lingine.”

Watu walitoka. Wengine walimpita baba bila kumsalimia, na wengine walimsalimia, sikuwahesabu. Njiani kurudi hakusema nami, wala hajasema tangu siku hiyo. Lakini jana na leo alikwenda mwenyewe mpaka penye malori, akawa anapiga matairi ya watu kwa gongo na kuwafokea madereva. Mama anasema wamemwogopa.

Kijana mwenye cheti alipewa kabichi mbili akarudi kwao. Mimi nimeanza kazi leo. Mashine sasa inalala ofisini ndani ya sanduku la bati, haitarudi kwetu. Shangazi Loveness nimemwandikia ampe mwingine kikapu.

Uliniambia nisikuombe tena kuja, na siombi. Hii ni taarifa ya ofisi tu, ninayotakiwa kumpelekea kila aliyetajwa katika muhtasari. Muhtasari huu utathibitishwa katika kikao cha Jumamosi tarehe 27 Septemba, saa nne asubuhi. Aliyetajwa akiwa na la kuongeza au la kukanusha anatakiwa aje aseme mwenyewe. Hayapokelewi kwa barua.

Yunis Rubeni
Karani